Nilimpelekea Baba sale ili aache sigara, akadhani nimeuza kihamba

Wakuu, salamu kutoka migombani.

Huku Kibosho leo kumeamka na ukungu, ng'ombe wameshakula, bando lipo, sina kisingizio. Miaka yote humu nimekuwa msomaji wa kimya, nacheka comment zenu na kusepa. Leo ni zamu yangu, na nina furaha mpaka vidole vinakosea herufi. Ninachoandika ni kweli tupu. Anayetaka chai aende jikoni akachemshe.

Kwanza mnijue, maana bila hivyo hamtaelewa msala wenyewe.

Mimi ni kitinda mimba. Kwa Mchaga hicho sio cheo cha kudekezwa tu, ni ajira ya kudumu isiyo na likizo. Kaka zako wanaondoka kutafuta maisha, wewe unabaki kwenye nyumba ya baba. Unarithi nyumba pamoja na baba mwenyewe akiwa ndani. Kuhama huwezi. Ukihama, ukoo mzima utakuuliza mzee umemwachia nani.

Wala sikuwahi kulalamika. Mimi ni mtu wa nyumbani kiasi cha aibu. Nikishuka Moshi mjini kununua msumari, nikifika stendi tayari naikumbuka migomba yangu. Nina form four ya matokeo ambayo tusiyazungumzie, nina ng'ombe wawili, kahawa kidogo, mke, na binti mmoja wa miaka mitano, Glory.

Na nina Baba.

Baba ni mkulima wa kahawa, misa hakosi, akipita njiani vijana wanasimama kumpa shikamoo. Na alikuwa anavuta sigara, wakuu, kama tanuru la matofali. Ile ya asubuhi aliiwasha kabla hajavaa viatu. Koti lake ukilitundika sebuleni, wageni walijua mzee yupo hata kama ameenda shambani.

Kiangazi haikuwa shida sana, alivutia nje kwenye kahawa. Ila masika ya huku mnayajua? Mvua, baridi, milango imefungwa, watu wote sebuleni. Baba kwenye kiti chake, sigara mkononi, moshi juu ya vichwa vyetu kama kuna wingu limeingia kujisitiri mvua.

Sasa Glory ana pumu.

Masika haya kifua kilimbana vibaya mno. Kinapiga filimbi, mabega yanapanda, mtoto ananiangalia machoni kama mimi ndiye niliyeshika hewa yake. Tulimkimbiza hospitali na bodaboda kwenye mvua, mke wangu kamfunika na khanga mbili, mimi nyuma nasali rozari bila mpangilio.

Alipotulia, nesi akauliza, "Nyumbani nani anavuta sigara?"

Mimi na Mama Glory tukaangaliana.

"Babu yake," mke wangu akajibu.

"Mleteni. Hapa tuna huduma ya kuwasaidia wanaotaka kuacha. Hatumgombezi mtu, tunakaa naye tunaongea."

Nikasema "sawa" kwa ile sauti ya mtu ambaye hatafanya.

Jamani, unaanzaje? Umwambie baba yako mzazi, kwenye nyumba yake, kwenye kiti chake, kwamba moshi wake unamdhuru mjukuu wake? Huku kwetu mtoto hamrekebishi mzazi. Nilijaribu mara kadhaa. Nikifika mbele yake mdomo unageuka wenyewe, natoka na habari za bei ya kahawa.

Mke wangu akawa ananiuliza, "Umeshamwambia?"

"Natafuta muda."

"Wewe unatafuta muda? Mtu unashinda nyumbani kuliko paka?"

Glory akabanwa tena. Safari hii tulivyorudi kutoka hospitali, Mama Glory hakugomba. Wanawake wakigomba kuna matumaini. Huyu alikunja nguo za mtoto kimya kimya, kisha akaniambia, "Naenda na Glory Kahe kwa mama. Sijamkasirikia Baba wala wewe. Siku nyumba ikiwa haina moshi, nipigie."

Na kwa kuwa ana adabu, alimuaga mzee vizuri kabisa. Akamwambia anaenda kumsaidia mama yake mavuno ya mpunga. Baba akasema, "Msalimie sana." Kisha akawasha.

Hapo ndipo nilipobanwa mimi sasa. Kumwacha Baba siwezi, mimi ndiye kitinda mimba. Kumrudisha mke kwenye moshi siwezi, mtoto atakufa. Nikabaki katikati kama mlingoti.

Nikaanza kujipikia. Siku ya kwanza nilipika kiburu, ndizi na maharage. Baba akaonja kijiko kimoja, akaweka bakuli chini taratibu, akauliza mkwe wake anarudi lini. Wiki iliyofuata akauliza tena, "Mpunga gani huo usioisha?"

Ndipo nikapata wazo. Nilijiona nina akili kuliko wote. Msicheke bado.

Kwa wasio wa huku: sale ni mmea wenye majani marefu, tunaupanda mipakani mwa kihamba, yaani ile ardhi ya ukoo yenye nyumba, migomba na kahawa. Tunaupanda na makaburini. Mchaga akimkosea mtu kosa zito, anachuma jani la sale, analifunga fundo, anampelekea aliyekosewa kuomba msamaha. Ukiletewa sale huwezi kukataa. Kukataa ni kujitafutia laana.

Nikawaza: kama sale halikataliwi, si naweza kulitumia kuomba na jambo lingine? Nampelekea Baba, namwomba aende kwenye ile huduma ya kuacha sigara, na hawezi kunikatalia. Form four ikifanya kazi.

Jumapili baada ya misa nikachuma jani, la mpakani, sio la kaburini, akili kidogo ninazo. Nikalifunga fundo. Baba alikuwa kibarazani anavuta. Nikasogea, nikapiga goti, nikalinyoosha kwa mikono miwili.

Sigara ilidondoka.

Wakuu, sijawahi kumwona baba yangu akiogopa. Siku ile uso ulimbadilika.

"Umefanya nini?"

"Baba, mimi..."

"Nyamaza!" Akainua mkono. "Neno la sale halisemwi bila mashahidi."

Akamwita mdogo wake, Baba Mdogo Aloyce, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya migomba. Akamwita na jirani yetu Mzee Kanuti. Aliwaita kwa Kichaga na kwa sauti ambayo hata kuku waliondoka uani.

Mimi bado nimepiga goti na jani langu. Mguu umeshakufa ganzi.

Wazee wakaja wanahema, wakaona sale, wakakaa bila kusalimia. Baba akawaambia, "Nilijua tu. Juzi nilimwona mtu na futi anapima pima hapa. Huyu kijana ameuza kihamba."

Wakuu! Yule mtu wa futi alikuwa fundi, nilimwita apime banda la ng'ombe!

"Upande gani kauza?" Mzee Kanuti akauliza. "Wa mfereji au wa barabarani?"

"Baba, sijau..."

"Hawa wa kukaa nyumbani ndio hatari," akadakia Baba Mdogo. "Wanaozurura wanauza redio. Anayeshinda nyumbani anauza kihamba."

"Sijauza!"

"Umeweka rehani?"

"Hapana."

Baba akafumba macho. "Basi una mwanamke mwingine. Ndio maana mkwe wangu kaondoka."

Mzee Kanuti akashindwa kujizuia. "Huyu? Atampatia wapi, kwenye banda la ng'ombe?"

Nawaambia ukweli, hiyo ndiyo kauli iliyoniuma kuliko zote, na ndiyo iliyonipa ujasiri. Nikaropoka yote kwa pumzi moja.

"Baba, Mama Glory hayuko kwenye mpunga. Ameondoka kwa sababu ya moshi wa sigara. Glory kifua kinambana, daktari amesema, nesi amesema, na mimi nimeshindwa kukuambia. Ndiyo nimekukosea hapo. Hospitali kuna watu wanawasaidia watu kuacha. Naomba twende."



Mvua ya asubuhi ilikuwa bado inadondoka kutoka kwenye majani ya migomba, tone tone.

Baba akauliza taratibu, "Kihamba kipo?"

"Kipo, Baba."

"Chote?"

"Chote, mpaka mferejini."

Akalipokea jani. Akapumua pumzi ndefu iliyoishia kwenye kikohozi. "Basi twende hata leo."

"Leo Jumapili, kaka," Baba Mdogo akamkumbusha.

"Basi kesho. Na nyie mliosikia mtakuja, msije mkasema nililetewa sale nikalidharau."

Nilitaka kurukaruka ila mguu ulikataa.

Wazee walipoondoka, Baba aliniita. Hakupaza sauti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuogopa, Baba."

"Mtoto anakosa pumzi, wewe unaniogopa mimi?"

 

Kesho yake tukateremka hospitali watu wanne kama tunapeleka posa. Nesi wa ile huduma ni mama wa makamo, mcheshi, anaongea kama mnafahamiana tangu kipaimara. Tulijiandaa kwa mahubiri. Hakuna aliyetuhubiria.

Alimuuliza Baba sigara ya kwanza anavuta saa ngapi. Baba akasema kabla ya viatu. Ya pili? Na chai. Halafu? Akiwa kwenye kahawa. Halafu? Na mbege, pombe yetu ya ndizi.

"Hiyo mbege nayo tutaiongelea, mzee wangu."

"Mama," Baba akasema kwa heshima zote, "tumekuja kwa sigara. Mbege ni kesi nyingine, ina mahakama yake."

Nesi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamgeukia Baba Mdogo Aloyce. "Na wewe, shikamoo, unavuta?"

"Marahaba. Mimi ni shahidi tu."

"Shahidi ananukia sigara mpaka huku."

Akaandikishwa hapo hapo! Mzee Kanuti akaanza kujisifu kwamba yeye moshi hajawahi kuugusa maishani, ananusa ugoro tu. Nesi akamwambia ugoro nao ni tumbaku, asogeze kiti. Tulipeleka mgonjwa mmoja, wakapatikana watatu. Mimi ndiye pekee niliyetoka salama.

Alichotufundisha kwa kifupi ni hiki. Kuna sigara inayodaiwa na mwili na kuna sigara inayodaiwa na mazoea, na kila moja ina namna yake ya kupambana nayo. Akawapima, akasema kuna dawa za kusaidia kwa atakayeonekana anazihitaji. Kila mmoja achague siku yake ya kuacha na aitangaze kwa watu. Warudi kumwona, na hamu ikizidi wapige simu. Na kila mmoja awe na mtu wa nyumbani wa kumsindikiza kwenye safari hiyo.

Akaniangalia. "Wewe unashinda nyumbani?"

"Sana," akajibu Baba kabla yangu.

"Safi. Ndiye tunayemtaka."

Wakuu, toka nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kunisifia kwa hilo. Nilitoka pale natembea kama diwani.

Baba alichagua Jumamosi. Akaenda kuungama kwanza, akarudi, akanikabidhi pakiti na kiberiti kama askari anayesalimisha silaha.

Siwadanganyi, siku za mwanzo zilikuwa moto. Aligombana na redio. Aligombana na jogoo. Alisema mahubiri ya padri ni marefu na mafupi kwa wakati mmoja. Mikono ilikuwa haijui pa kukaa, nesi akashauri aipe kazi, basi akaanza kumenya ndizi. Mzee wa heshima kakaa kibarazani na kisu, anamenya! Akina mama wakipita wanamtania, "Meku (yaani mzee), umeolewa?" Anawajibu, "Ndio, na mume mwenyewe hajui kupika." Mume ndiye mimi. Tulimenya mpaka tukamlisha jirani.

Kisha ikaja siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kuzibua mfereji. Wanaume wote wanatoka na majembe, na mapumziko ya msaragambo tangu enzi za mababu ni mapumziko ya sigara. Baba alirudi kwa njia ya nyuma, ile ya kupitia bandani. Nikajua.

"Nimeharibu," akasema. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mtu kanipa nikapokea. Mwambie mkwe wangu abaki tu Kahe."

Aisee, niliumia. Nilidhani tumerudi mwanzo. Nikampigia nesi, nikaweka loud speaker.

"Mzee, ni moja au pakiti?"

"Moja. Nusu niliitupa."

"Basi kuteleza si kuanguka. Tumejua adui anajificha wapi, yuko mferejini. Msaragambo ujao nenda na muwa, na Mzee Aloyce akae pembeni yako. Njoo tuonane kesho."

Nilidhani atamgombeza. Baba naye alidhani hivyo. Aliishika ile simu hata baada ya kukatika, akasema, "Huyu mama angekuwa mwalimu wangu ningesoma mpaka chuo."

Msaragambo uliofuata nilienda mwenyewe kushuhudia. Muda wa mapumziko wanaume wamewasha, na wazee wangu wawili wamekaa kwenye jiwe wanatafuna miwa kama watoto wa darasa la pili waliotoroka kipindi. Watu walicheka mpaka wakaegemea majembe. Baba Mdogo akawaambia, "Chekeni. Ila nani hapa juzi kapanda toka mtoni bila kusimama? Mimi!" Kicheko kikapungua. Kumbe watu wanajijua, kikohozi kila mtu anacho chake. Kabla hatujaondoka, mmoja akamsogelea Baba pembeni, akamuuliza kwa sauti ndogo ile hospitali wanapokea siku gani.

Sasa hivi wameshaenda kadhaa, wakuu! Wengine wameacha, wengine wanateleza na kurudi. Baba ndiye anayewasindikiza. Amekuwa msumbufu kuliko mlokole mpya. Akisikia mtu anakohoa kanisani anageuka.

Nyumba ilipokaa kipindi bila moshi, nikampigia Mama Glory. "Nyumba haina moshi."

"Unasema wewe au inasema nyumba?"

"Njoo uinuse."

Akaja. Begi lake akaliweka mlangoni bila kulifungua, akasema amekuja kuangalia tu. Akanusa mapazia. Akanusa kile kiti. Akaenda kwenye koti, akalishika, akanigeukia. Lilikuwa limefuliwa. Baba alilifua mwenyewe mferejini siku tatu mfululizo, mimi nilikatazwa hata kulianika.

Mzee mwenyewe yuko nje anajifanya anakagua mti mmoja wa kahawa. Aliukagua mti ule mpaka nikauonea huruma.

Glory ndiye aliyemaliza mambo. "Babu!" akakimbia.

Mchana mvua ikashuka, ile ya kufunga milango. Tukawa sebuleni wote. Baba kwenye kiti chake, Glory mapajani, anamsimulia habari za bata wa Kahe. Bata wakaisha, mtoto akasinzia, kichwa kwenye lile koti. Nikamwona mke wangu ameacha kuongea. Anasikiliza. Na mimi nikasikiliza. Baba naye, nadhani, maana alibana pumzi yake asije akaharibu.

Hakuna filimbi. Mtoto anapumua tu, kama mtoto yeyote.

Chakula kikaletwa, Baba akakataa kusimama, akasema mguu umekufa ganzi na aachwe hivyo hivyo. Mama Glory akainuka, akachukua begi mlangoni, akaingia nalo chumbani. Nikasikia zipu. Wakuu, nimesikia kengele za Pasaka miaka yote, hazijawahi kunifurahisha kama ile zipu.

Kisha akatoka na kuuliza nani ameunguza masufuria yake.

Nilichojifunza: tuache kuwasema wavutaji pembeni huku tunawaogopa usoni. Baba hakuwa adui, alikuwa hajui tu, na aliyepaswa kumwambia ni mimi. Na alipoambiwa bado asingeweza peke yake, hata angetaka vipi. Hizi huduma zipo kwa ajili hiyo, na tunazipita kila siku tukienda kupima malaria. Uliza hospitali iliyo karibu nawe kama wanayo. Usimtume mzee peke yake, nenda naye, kaa naye kwenye benchi. Akiteleza, mrudishe. Pumu ya Glory haijaisha, dawa zake anaendelea nazo, ila masika haya yaliyobaki hatujapanda bodaboda tena.

Na wewe unayesoma hapa umebana sigara vidoleni, sikuhukumu mkuu. Nimeishi na mkaidi kuliko wewe.

Haya, uwanja ni wenu. Aliyepita njia hii atuambie alimwanzaje mzazi wake, na kama mkoani kwenu huduma hii ipo taja wilaya watu wafaidike. Wa kunicheka pia mkaribie, nimeshazoea.

Baba amechungulia hapa anauliza naandika nini muda wote huu. Nimemwambia naandika jinsi alivyoacha sigara. Amesema niwaambie kwamba aliacha mwenyewe, hakusaidiwa na mtu.

Basi nimeandika.